Mzee Sawa na Mstari wa Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, Bertrams, Doornfontein, Yeoville, uko saluni unamalizia kichwa cha mwisho au uko jikoni unasonga, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu aliyeishi kwa kasi. Jina lake Fausto Merlani. Mwitaliano. Dereva wa zamani wa mbio za magari. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Bertrams, akiwa na miaka themanini.

Mtauliza, Mwitaliano na kipindi chetu cha Kiswahili, wapi na wapi? Ni haki yenu kuuliza. Lakini nusu ya mafundi magari wetu wa Doornfontein walipitia mikononi mwake. Wengine walipitiwa na spana zake, maana alikuwa na shabaha. Watu wetu walimwita Mzee Sawa.

Tumeusiwa kwamba marehemu asemwe kwa mema. Mema yake yapo, na tutayataja. Ila yupo mtu mmoja hai, mtu wa Tanga, ambaye mema hayo yamemkalia shingoni. Anaitwa Burhani. Basi leo tutasafiri na marehemu Fausto, lakini tutakaa kiti cha pembeni ya dereva. Kiti cha Burhani.

Tuanze mbali kidogo.

Fausto alizaliwa kaskazini ya Italia, mji mdogo wa milimani. Baba yake alioka mikate. Alfajiri Fausto alisambaza mikate hiyo kwa kigari cha nyumbani, na mdogo wake, Silvano, aliketi juu ya magunia akimpigia kelele. Kona kushoto! Mbuzi! Daraja! Mikate ilifika imepondeka, lakini ilifika ya moto. Wateja walinung'unika na kununua.

Mbio zao zilianzia hapo. Fausto anaendesha, Silvano anasema njia.

Wapendwa, katika mbio za masafa marefu dereva hakai peke yake. Pembeni yake yupo msoma njia, na msoma njia ana daftari. Kila kona ina mstari wake, kila daraja mstari wake. Msoma njia anasoma, dereva anajibu. Silvano alikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ndio hadithi yetu yote, kwa hiyo ushikeni. Silvano akisoma mstari, Fausto akaujibu, Silvano huutia alama kwa penseli. Fausto asipojibu, hakuna alama, mstari unasomwa tena. Jioni alama zote zinafutwa kwa raba, ili kesho waanze upya. Mstari, jibu, alama.

Mwaka 1972 walikuja Afrika Mashariki kushindana. Mvua ikawakuta, matope yakameza magari ya watu. Siku ya mwisho gia zote za mbele ziligoma, ikabaki ya kurudi nyuma. Wengine wangeshuka wakalia. Fausto aligeuza gari, akaendesha kinyumenyume hadi kwenye mstari wa kumalizia, na Silvano alipiga magoti kwenye kiti akitazama kioo cha nyuma, akigeuza kila kushoto ya daftari kuwa kulia! Walishika nafasi ya nne. Watu waliwabeba mabegani. Ndipo Fausto alipookota neno letu "sawa", na halikumtoka tena mdomoni hadi anakufa.

Mwaka 1975 ndugu hao walihamia hapa Johannesburg. Wakashinda mara tatu mfululizo. Kombe moja kati ya hayo Burhani alilikuta gerejini miaka mingi baadaye. Lilikuwa la kutilia nati.

Halafu 1977. Barabara ya vumbi, mashariki ya nchi, kona kali kabla ya daraja. Gari halikukata kona. Fausto alitoka amevunjika mfupa wa bega. Silvano hakutoka. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Waandishi wa habari walimzunguka Fausto hospitalini. Akawaambia maneno machache tu. "Mdogo wangu hakuisoma kona."

Maneno hayo yalisafiri hadi kule mjini kwao. Mama yao aliyapokea. Kila aliyekuja kumpa pole alimjibu vilevile: "Mwanangu mdogo alikuwa mvivu wa kusoma tangu shule." Alizeeka akisema hivyo. Alikufa akisema hivyo. Mkubwa alitumiwa picha za kanisa na sala. Mdogo alibaki kuwa mvivu kaburini.

Fausto alirudi mbioni baada ya miezi minne. Wasoma njia watatu walikaa naye, wote watatu wakamkimbia. Mwaka 1984 aliacha mashindano akafungua gereji Doornfontein. Huko ndiko alikotufundishia vijana wetu, na hakufundisha kwa upole. Fundi akikosea, alisimamishwa juu ya tairi saa nzima ya chakula, mikono juu, wenzake wakitafuna mbele yake. Aliyelalamika alijibiwa, "Sawa." Siku ya pili akakuta sanduku lake la vifaa limewekwa barabarani.

Lakini aliyehitimu kwake, amehitimu. Hilo hakuna anayelipinga.

Burhani aliingia gereji ile mwaka 2009. Hakuwa na cheti. Alikuwa na sikio. Alisimama karibu na injini iliyowashinda watu siku mbili, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea, akasema, "Valvu ya tatu, Mzee. Inakohoa." Wakaifungua. Ilikuwa ya tatu. Fausto hakumsifu, ila tangu siku hiyo hakuwahi kumsimamisha juu ya tairi.

Miaka ikaenda. Burhani akamwoa Zubeda, wakapata binti, Mayasa. Fausto akafiwa na mkewe. Na macho yake yakaanza kufa, kwanza pembeni, halafu katikati. Binti yake wa pekee, Loredana, anaishi kaskazini ya jiji na hakujua. Mafundi hawakujua. Alijua Burhani peke yake, kwa sababu asubuhi moja Mzee alimkabidhi kikombe cha kahawa akakiachia hewani, nusu hatua kutoka mkononi mwake.

"Mzee, huoni."

"Mimi hapana kipofu," Fausto alisema kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Mimi iko na wewe. Wewe soma, mimi endesha. Sawa?"

Kukataa kulikuwa na gharama yake, na sanduku la vifaa barabarani Burhani alilijua. Akakubali.

Ili amfundishe kazi, Fausto alivuta droo, akatoa daftari kuukuu lenye jalada la ngozi. La Silvano. "Tazama kazi safi," alisema. "Wewe fanya kama hii."

Burhani alilifungua. Mstari, alama. Mstari, alama. Alipofika ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akauona mstari wa mwisho wenye alama. Kitaliano hakijui, lakini msomaji yeyote angeutambua mchoro ule mdogo: kona kali, na mbele yake daraja.

Ulikuwa na alama.

Wapendwa, mmekumbuka utaratibu? Alama haiwekwi mpaka dereva ajibu. Silvano aliisoma ile kona. Na Fausto aliijibu. Alijibu "sawa", kisha akafanya atakavyo. Miaka yote ile alimtupia maiti kosa lake, na sasa, macho yakiwa yamekufa, amesahau kwamba ushahidi umo droo ya chini, na ameutoa mwenyewe autumie kama mfano wa kazi safi.

Burhani alifunga daftari. Akafunika kombe, mwanaharamu apite. Alidhani ni siri ya watu wa mbali, haimhusu.

Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe anakiri.

Alinunua daftari la shule kwenye spaza, kiduka cha mtaani, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akaandika njia yote kutoka nyumba ya Mzee, Bertrams, hadi gerejini Doornfontein. Mistari arobaini na moja. Geti, kulia. Shimo, shika katikati. Mstari wa kumi na saba aliandika "Roboti", ile taa ya barabarani iliyo kona ya kanisa, na rangi yake aliitaja kila siku kama alivyoiona. Kila asubuhi alitembea kwa miguu hadi Bertrams, akaketi kiti cha pembeni, akasoma. Fausto akajibu. Burhani akatia alama. Jioni akafuta kwa raba. Miaka mitatu! Mayasa, ambaye Kiswahili anakielewa lakini anakijibu kwa Kizulu, alikuwa akimcheka baba yake mezani, akiigiza: "Sahani. Kushoto. Simama!"

Mwaka juzi, mwezi wa tano, Burhani alichoka kuogopa. Asubuhi hiyo, kabla ya kuwasha gari, alisema, "Mzee, Ijumaa ndiyo mwisho wangu. Tumwambie dada Loredana. Siku moja tutaua mtu."

Fausto alifunga mkanda. Akawasha gari.

Walisoma mistari kumi na sita salama. Burhani akasema, "Kumi na saba. Roboti. Nyekundu. Simama."

"Sawa."

Na Burhani akainamisha macho kutia alama.

Wasikilizaji wapendwa, mtu mwingine yeyote angeendelea kutazama mbele. Angevuta breki ya mkono. Lakini alikuwa amefundishwa hivyo: ukisikia jibu, macho kwenye penseli. Silvano naye bila shaka alikuwa ameinama hivyohivyo. Burhani alihisi gari linaruka mbele kabla hajainua kichwa. Teksi ya abiria ilitoka kushoto, kwenye haki yake, ikaingia mlango wa Burhani.

Abiria walipona. Fausto alichubuka paji la uso. Mkono wa kushoto wa Burhani ulikatwa kwenye kiwiko.

Polisi walipouliza, Fausto alisema maneno machache tu. "Jua lilinipiga machoni, nikamwuliza rangi. Akaniambia kijani."

Burhani alipopata fahamu, maneno yalikuwa yameshafika gerejini. Gustave, msimamizi wa mafundi, Mkongomani mwenye moyo laini, ndiye aliyetumwa hospitali. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Ndugu Burhani, pole sana. Patron amesema usirudi. Amesema ulitaka kumuua kwa sababu alikukatalia kuondoka."

"Gustave, wewe unaamini?"

"Mimi? Eish. Mimi niko na watoto wanne, ndugu yangu."

Burhani alimwonyesha Loredana daftari lake. Alama kumi na saba, hazijafutwa. Loredana alilitazama, akasema kwa adabu, "Lakini alama hizi umezitia wewe." Burhani akamweleza kuhusu daftari la Silvano, droo ya chini. Loredana alilifuata, akalitazama, akarudi macho mekundu. "Baba yangu amemlilia ndugu yake kila Krismasi tangu nina akili. Usinitie sumu."

Na mtaani? Mtaani walimpa jina. Kijani. Fundi wa mkono mmoja akisimama kuvuka barabara, vijana kwenye spaza walipaza sauti: "Kijani, tuvuke? Kijani, salama hapo?" Wengine walikuwa wanafunzi wake. Mayasa alirudi kutoka shuleni siku moja, akatupa begi chini, akasema kwa Kiswahili, mara moja katika maisha yake, wazi kabisa: "Wananiita mtoto wa Kijani."

Siku hiyo Burhani alimweleza mkewe mambo yote, pamoja na daftari la Silvano. Zubeda aliweka chini kisu cha kukatia vitunguu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua alichomfanyia ndugu yake, tumbo moja, na bado ukapanda? Ulidhani wewe utampa nini ambacho ndugu yake hakumpa?" Akasukuma vitunguu pembeni. Halafu akasema, taratibu, "Baba Mayasa, kuna watu wakisema sawa, maana yake ni nyamaza. Mkono umekwenda, hatuudai. Lakini jina ni la mtoto."

Alichokitaka Burhani kilikuwa hicho tu. Neno moja la Fausto mbele ya shahidi. Alama zilikuwa za mkono wake mwenyewe, teksi ilikwenda zake, polisi walifunga karatasi. Jina lake lilikuwa limefungiwa kinywani mwa mzee mmoja, na mzee alikuwa anakufa.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa mchana, simu ililia. Loredana.

"Anaita 'soma'. Tangu asubuhi. Soma, soma. Hatujui anataka nini. Tafadhali."

Zubeda alisema, "Usiende." Burhani alikuwa ameshachukua daftari. Basi Zubeda naye akajitanda khanga, wakaenda wote.

Fausto alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, kama ameshika usukani uliolegea. Burhani aliketi upande wake wa kushoto. Kiti kilekile. Zubeda alimshikia daftari, yeye akashika penseli.

"Nipo, Mzee."

"Soma."

"Moja. Geti, kulia."

"Sawa."

Burhani akatia alama ya pili kando ya ile ya zamani. Mbili. Tatu. Shimo, shika katikati. Sawa. Uso wa mzee ukalegea, mashavu yakapata damu. Loredana, dirishani, alitabasamu huku analia. Alidhani anaona watu wawili wakisameheana. Kumi na tano. Sawa. Kumi na sita. Sawa.

"Kumi na saba," Burhani alisema. "Roboti. Nyekundu. Simama."

Kimya.

Alirudia, maana ndio utaratibu. "Kumi na saba, Mzee. Roboti. Nyekundu. Simama."

"Kumi na nane," Fausto alisema.

"Kumi na saba hujaijibu."

"Soma kumi na nane!"

"Burhani," Loredana alisema, "kwa jina la Mungu, msomee tu. Anakufa."

"Naona, dada. Ni neno moja. Analisema tangu ujana wake."

"Wewe kijana mbaya," Fausto alinong'ona. "Soma."

Burhani aliweka penseli chini. Sauti yake, anasema Zubeda, haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Basi tumesimama hapa, Mzee. Roboti ni nyekundu. Hatuvuki."

Halafu Zubeda akauona. Chini ya blanketi, mguu wa kulia wa mzee ulisogea. Ukajinyoosha. Ukakanyaga mafuta.

Zubeda alimtazama Loredana. Loredana alikuwa ameuona. Nyuso zao zilikutana, wanawake wawili, kila mmoja na mtu wake chumbani pale. Loredana akaja polepole, akavuta blanketi, akaufunika ule mguu vizuri, na kuupigapiga kwa kiganja hadi ukatulia.

Fausto Merlani alikata roho kabla ya saa kumi na moja. Neno la mwisho kutoka kinywani mwake lilikuwa "soma". "Sawa" ya kumi na saba hakuisema.

Alizikwa Jumamosi. Burhani alisimama nje ya uzio. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha. Kabla jeneza halijafungwa, Loredana aliweka ndani daftari la Silvano lenye jalada la ngozi. "Ni la ndugu yake," alisema. "Aende nalo." Likaenda. Kona, daraja, na alama yake, vyote viko chini ya udongo.

Tulimpigia simu Loredana kabla ya kuandaa kumbukumbu hii. Alikubali tumkumbuke baba yake. Tulipomwuliza kuhusu mguu, alisema, "Alikuwa baba yangu," akakata simu. Hakusema si kweli.

Kwa Loredana Merlani, popote ulipo, tunakupa pole kwa moyo wote. Kufiwa na baba ni kufiwa na baba, hata baba awe wa namna gani, na Mungu akushike mkono. Pole kwa mafundi wote waliosimama juu ya tairi na leo wanakula kwa ujuzi wake. Na pole iende kwa Silvano, ambaye hakuacha mtoto wa kupokea. Silvano, uliisoma kona. Hapa Johannesburg, kwa Kiswahili, watu wamesikia leo kwamba uliisoma.

Tujiulize sisi, wapendwa, kabla ya kulala. Nani aliketi pembeni yetu akatusomea njia, tukamjibu sawa, tukafanya yetu, kisha mambo yalipoharibika tukamwonyesha yeye kidole? Na kama yuko hai, tunangoja nini?

Burhani bado yuko Doornfontein. Daftari la shule liko kwake, juu ya kabati. Mistari kumi na sita ina alama mbili mbili. Wa kumi na saba una moja. Juzi Gustave alimletea gari asubuhi na mapema, akafungua boneti mbele ya jengo lao, hakusema samahani, alisema tu, "Ndugu, hebu isikilize hii." Burhani akainamisha kichwa. Ni mwanzo, jamani. Mwanzo mdogo ni mwanzo.

Kwa hiyo kesho ukimkuta kwenye roboti ya kona ya kanisa, anangoja kuvuka, usimwulize rangi. Simama pembeni yake. Mwite kwa jina lake.